Chupa Iliyozikwa Migombani: Kumkumbuka Truphena Robi Maroa wa Suna

Mwezi huu wa Mei unatimiza miaka mitatu, Truphena, tangu asubuhi ile ya Sabato, tarehe 11 Mei 1996, ulipotutoka ukiwa nyumbani kwako Suna, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa mama mkwe wako, Nyamoita. Mwaka wa kwanza na wa pili hatukuandika kitu, kwa sababu kesi yako ilikuwa bado mahakamani. Sasa imekwisha. Tunakusimulia ilivyokwenda, na wengine wakisikia ni vyema.

Ulikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na hukuwahi kuona haya kulitaja hilo mbele ya wake wa walimu. Siku ya soko ulikuwa Ogwedhi kabla umande haujakauka, buti za mpira miguuni na kitambaa cheupe kichwani. Cephas, mliyegombana naye bei kwa miaka kumi, bado anawasimulia wenzake siku ulipomshika mbuzi wake mbavu, ukamtazama usoni ukasema, “Cephas ndugu yangu, huyu umemlambisha chumvi akanywa mto mzima. Nikifika naye Migori atakuwa amekojoa faida yangu yote njiani.” Soko zima lilicheka.

Mwanamke aliyeleta mbuzi wake wa mwisho kwa sababu mtoto ni mgonjwa, ulimnunua mbuzi yule, kisha ukamwachia mwenyewe amchunge hadi azae, na mwanambuzi wa kwanza ukamwambia ni wake. Tulijua habari hizo kwenye mazishi yako, kutoka kwa wanawake ambao hatukuwafahamu. Kanisani uliimba sauti ya pili hata pale kwaya yote ilipokuwa ikiimba sauti moja. Hukunyamaza ulipoambiwa.

Uvimbe uliuona mapema mwaka wa 1994, kwenye titi la kushoto, mdogo kuliko ndimu. Mumeo Boaz, mwalimu, alikuwa na darasa la mtihani, kwa hiyo Mama Nyamoita ndiye aliyekusindikiza hadi hospitali ya binafsi upande wa Homa Bay. Daktari aliutoa siku hiyohiyo. Ulipozinduka alikwambia, “Ni mafuta tu, mama. Nenda ukalee watoto.”

Ulipokuwa bado umelala kwa dawa, muuguzi alitoka na chupa ndogo iliyofungwa kwa utepe, akamkabidhi Mama Nyamoita pale kwenye benchi. Alimwambia, “Hiki ni cha mgonjwa wenu,” akarudi ndani mbio, maana kulikuwa na mgonjwa mwingine mezani. Hakumtajia maabara wala Kisumu, ambako vipimo hufanywa. Hakumwambia kwamba kilichomo chapaswa kupimwa.

Mama Nyamoita ni mkunga. Amezalisha nusu ya vijana wa Suna tunaowajua. Alivyolelewa yeye, kitu kilichotoka katika mwili wa mtu hakiachwi ugenini mbwa wakikione, hurudishwa nyumbani. Nyuma ya nyumba yako, kwenye migomba, alikuwa amezika kondo la Edith, la Levis na la Bathsheba. Chupa ile aliibeba kifuani njia yote kutoka Homa Bay, hakuifungua, akaizika hapohapo migombani, na juu yake akaweka kipande cha jiwe la kusagia lililovunjika. Hakukwambia, kwa sababu ni mambo ambayo mgonjwa haambiwi.

Miezi mitano baadaye uvimbe ulirudi kando ya kovu. Ulikwenda tena hospitali ile, na tena, na tena. Kila mara ulipewa vidonge vya kukausha kidonda. Katika safari zote hizo hakuna daktari aliyeuliza ule uvimbe wa kwanza ulipimwa wapi na ulionyesha nini.

Daktari wa Kisumu, ulikokwenda mwishowe, ndiye aliyeuliza, katikati ya mwaka wa 1995, tena lilikuwa swali lake la kwanza. Ulirudi nyumbani nalo. Tulikuwa tumekaa sote uliposema, “Mama, kuna kitu walikupa siku ile?”

“Chupa,” alisema Mama Nyamoita. “Nimeizika na makondo ya watoto wako.”

Boaz alisimama. Wewe ulicheka, kicheko chako kile cha Ogwedhi. “Basi mimi ndiye mwanamke wa kwanza Suna kupewa shamba akiwa hai.” Ukamvuta mama mkwe wako akae karibu nawe. Wakati huo ulikuwa unajua tayari kwamba ugonjwa ni saratani na kwamba umefika kwenye mapafu.

Hukumlaumu siku ile, wala baadaye. Huo ni ushahidi ambao mahakama haikuuhitaji. Watu wa Suna wanauhitaji.

Kesi uliifungua wewe mwenyewe, kabla ya Krismasi, ukiwa bado unaweza kupanda ngazi za ofisi ya wakili Mogaka kule Kisii. Alikuuliza unadai nini. Ulimjibu, “Nataka waulizwe. Mimi waliponiona hawakuuliza, sasa na wao waulizwe.” Mogaka alikueleza kwamba sheria huliita jambo hilo fidia. Ukasema waliite wanavyotaka.

Ulipofariki, Boaz alichukua barua za usimamizi wa mirathi, akaingia katika kesi mahali pako. Ndipo Mogaka alipomwita Mama Nyamoita ofisini, akafunga mlango.

“Mama, hapa hakuna sahihi yako. Hospitali inadai ilitoa chupa, lakini haina karatasi ya kuonyesha. Wewe sema hukupewa kitu.”

“Nilipewa.”

“Mimi najua ulipewa. Mahakama haijui.”

“Mwanangu,” alisema Mama Nyamoita, “mimi nimezalisha wanawake miaka mingi. Mtoto alipokufa mikononi mwangu, nilisema amekufa. Sikusema hajazaliwa.”

Boaz alijaribu kumsaidia wakili. Alikuwa anaogopa, na hofu yake haikuwa ya kushindwa. “Mama, watakuita muuaji mbele za watu.”

“Waniite. Kisimani wameshaniita.”

Ilikuwa kweli. Tangu mazishi, kuna waliokuwa wakisema mtaani kwamba bibi yule alizika ugonjwa wa mkaza mwana wake ili usitibiwe. Wengine waliongeza uchawi. Mama Nyamoita alikuwa ameacha kuteka maji asubuhi pamoja na wenzake. Alikwenda jua likiwa utosini, peke yake. Alikuwa amekataa pia kuzalisha. Wanawake wawili walituma watu kumwita usiku wa uchungu wao, akasema mikono yake imechoka.

Mogaka alikunja uso. Kisha, kama mtu anayeuliza tu kumaliza maneno, akasema, “Na hiyo chupa uliifungua?”

“Nifungue mwili wa mtu?”

“Ilikuwa na maji ndani?”

“Yalikuwa yananuka kwa ukali. Yalinifanya nitokwe na machozi, na kifuniko kimefungwa.”

Wakili aliweka kalamu chini. Maji yale yalikuwa dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili isioze. Ikiwa hayakuvuja, kilichomo ardhini kilikuwa bado vilevile kilivyotoka Homa Bay mwaka wa 1994, na maabara ingeweza kukisoma. Alisema anaweza kuiomba mahakama iruhusu kuchimba. Halafu akamgeukia Mama Nyamoita, na tunamheshimu kwa kumwambia: “Lakini ujue, mama. Majibu yakiwa yale tunayoyataka sisi, yatakuwa yale usiyoyataka wewe.”

“Chimbeni,” alisema.

Ilichimbwa mbele ya karani wa mahakama na mawakili wa pande zote mbili. Migomba ilikuwa imezaa na kusogea, hata Boaz hakupatambua. Mama Nyamoita alipita katikati yao, akainama, akafukua majani makavu kwa mkono, jiwe la kusagia likaonekana. Kifuniko kilikuwa na kutu, lakini dawa haikuvuja. Kwenye utepe jina lako lilisomeka, na tarehe ya upasuaji.

Maabara ya Nairobi ilijibu kwamba ni saratani. Mtaalamu wake aliieleza mahakama ya Homa Bay kwamba kwa uvimbe wa ukubwa ule, ambao ulikuwa haujasambaa, wagonjwa wengi wakitibiwa mapema hupona. Alisema “wengi” mara mbili, kwa kuwa aliulizwa mara mbili. Mama Nyamoita alikuwa kwenye benchi la mbele. Karani alimtafsiria kwa Kikuria, naye akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

Siku yake ya ushahidi, wakili wa hospitali alimsogelea.

“Chupa ulipewa, mama?”

“Nilipewa.”

“Ukaipeleka wapi?”

“Nyumbani.”

“Nyumbani wapi?”

“Nyumbani ni wapi tena? Kwetu.” Watu walicheka, hakimu akawanyamazisha.

“Ukaizika. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeuficha ugonjwa huu usijulikane.”

“Mwanangu, kitovu chako kilizikwa wapi?”

“Hapa mimi ndiye ninayeuliza.”

“Mama yako anapajua. Hakukitupa barabarani. Mimi niliambiwa, hiki ni cha mgonjwa wenu. Cha mtu wetu nakipeleka kwetu. Mlitaka kiende Kisumu? Mngesema Kisumu. Ningekwenda Kisumu kwa miguu.”

Muuguzi aliyetoa chupa, Bosibori, aliitwa na upande wa hospitali, akiwa bado mwajiriwa wao. Alionyeshwa utepe. Akasema, “Mwandiko ni wangu.” Akaulizwa kama alimweleza mama huyu la kufanya. Alimtazama wakili wa mwajiri wake, kisha akamtazama Mama Nyamoita, akasema hakumweleza. Tunamshukuru Bosibori. Tumesikia amehamia kwingine, na tunamtakia heri.

Hukumu ilisomwa Machi mwaka huu. Hakimu aliikataa hoja kwamba kosa ni la familia. Alisema kwamba anayejua ndiye mwenye wajibu wa kusema, na kwamba daktari asiyeletewa jibu ndiye mwenye wajibu wa kulitafuta. Hospitali imelipa. Fedha hizo ni za masomo ya watoto wako. Edith yuko kidato cha pili na anakushinda kwa ubishi.

Waliulizwa, Truphena. Lile ulilolitaka limefanyika.

Nje ya mahakama Mama Nyamoita alimshika Boaz mkono wa koti. “Wamesemaje?”

“Wamesema kosa si lako, Mama.”

“Na ningeipeleka Kisumu?”

Boaz ni mtu asiyeweza kusema uongo. Alimshika mkono. Walitembea mpaka barabarani.

Hatutalificha jibu hapa, kwa sababu Mama Nyamoita halifichi. Chupa ile ingefika Kisumu, pengine leo ungekuwa Ogwedhi ukigombana na Cephas. Hilo ni kweli. Na ni kweli vilevile kwamba aliyepewa chupa hakuambiwa kitu, na kwamba walioambiwa na masomo yao miaka mingi hawakuuliza. Mahakama ilikuwa na njia rahisi ya kutofahamu lolote kuhusu chupa hiyo. Imefahamu kwa sababu mama mmoja alikataa kudanganya, akijua vizuri kile ambacho ukweli ungemwachia abebe. Anayetaka kumsema kisimani, na aseme hayo yote pamoja.

Mwezi uliopita mahakama iliturudishia chupa. Jumapili hii, baada ya maombi nyumbani, tutachimba shimo dogo upande wa kichwa, bila kuligusa kaburi, tuiweke karibu nawe, ili usiwe mahali pawili. Boaz alitaka kuibeba yeye. Mama Nyamoita amekataa. Ataibeba mwenyewe, kifuani, kama mwanzo. Safari hii anajua kilichomo.

Juzi, mke wa jirani aliposhikwa na uchungu, alikuja mtu kubisha mlangoni kwetu tena. Mama Nyamoita akauliza kanga yake iko wapi, akatoka. Mtoto ni wa kike. Wamemwita Truphena.

Wanaokukumbuka ni mama mkwe wako Nyamoita, ambaye tumelitanguliza jina lake kwa makusudi. Mumeo Boaz Maroa. Wanao Edith, Levis na Bathsheba. Ndugu zako wote wa Ogwedhi. Na Cephas pamoja na wenzako wa soko la mbuzi.

Siku zetu zote hatutakusahau.