Rayons za maman ku dot ya Charlène

Agnès, usinipigie, nitalipuka mbele ya bakwe. Soma tu.

Tuko ku dot, ile sherehe ya mahari, ya mudogo wangu Charlène. Unajua maman ametoka tu Kigali, séances makumi tatu za radiothérapie, kuchoma kansa na rayons, ile mionzi, mu shavu, ju ya ile kansa ya tezi za jasho yenye hata badaktari habaionake mara mingi.

Tonton Alphonse, ndugu ya papa, professeur wa physique, ile fizikia (physique!!), amebeba kiti ya maman, akaipeleka nyuma ya bâche, ile turubai, karibu na masufuria. Maman wa bibi-arusi!!! Eti: « Rayons zingali mu uso yake. Hapa kuko bamama ba mimba. »

Nikamuambia: tonton, mashini ikizimwa, rayons zimeisha, sawa vile taa. Daktari alitueleza. Akajibu: « Wewe ulisoma kushona nguo, nyamaza. »

PHYSIQUE, Agnès. Miaka makumi mbili anafundisha batoto ba batu ule ujinga.

Maman hakubishana. Alirudisha kiti yake mbele yeye mwenyewe, akamusogelea, akamuangalia sana mu uso: « Alphonse, kale kapele ku pua, kako na muda gani? Kangu kalianza vile. Kagumu, hakaumi. »

Bakwe bote banaangalia pua ya professeur.

Sasa hivi ananiandikia, amejificha nyuma ya bâche, karibu na masufuria: « Daktari ya maman anaitwa nani? »

Niliandika: « Uliza physique yako. » Maman akaninyanganya simu, akafuta, akatuma namba ya daktari.