Joho la Mtume na Meza ya Ndugu

Mpendwa Mama Rentschler,

Nakuomba unisaidie, na wala usinionee haya kunikaripia, maana tangu nikiwa msichana tulikuwa tukikusoma gazetini kila Jumapili baada ya kula dengu, baba akisoma kwa sauti na mama akicheka kwamba bibi huyu hana simile, na sikudhani kwamba iko siku nami nitakuandikia. Nina miaka thelathini na minne, nimezaliwa bonde la Rems katika ukoo wa wakulima wa zabibu, na ni wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu, sasa nafundisha theolojia hapa Tübingen. Mwaka jana tasnifu yangu ilichapwa kitabu. Inahusu ule waraka wa mwisho wa Paulo, ambamo mzee yuko kifungoni anangoja kuuawa, naye anaagiza aletewe joho lake aliloliacha safarini, lije kabla ya baridi.

Kama unavyojua, wataalamu wamegombana juu ya waraka huo kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Wapo wanaosema Paulo aliuandika kwa mkono wake, na wapo wanaosema ni kazi ya mwanafunzi aliyekuja baadaye, Paulo akiwa ameshakufa siku nyingi, kwa kuwa maneno yake si ya Paulo na kanisa linaloonekana humo limeshakuwa na utaratibu ambao siku zake haukuwapo. Mimi niko upande huo wa pili, na nimekwenda mbali zaidi, nimeandika kwamba hata lile joho liliwekwa kwa makusudi ili msomaji asadiki kwamba mwandishi ni Paulo.

Sasa baba yangu, Gottlob, ndiye mkubwa wa Meza ya Ndugu kijijini kwetu. Jumapili alasiri watu hukusanyika sebuleni mwetu kwa kile kikao tunachokiita Saa, wanaume sita hukaa mezani, sisi wengine kwenye mabenchi ukutani, husomwa sura moja, kila ndugu husema alilopewa bila kukatizwa, na mkubwa wa meza husema wa mwisho. Baba alikuwa mateka Urusi baada ya vita, majira mawili ya baridi, na mwenzake alipokufa aliachiwa koti, na koti hilo ndilo lililomrudisha kwetu. Mstari wa Biblia aliopewa siku ya kipaimara chake unatoka katika sura ileile ya joho. Tangu utotoni nimemsikia akisema, "Lene, mwongo angeandika habari za mbinguni. Koti huandika mwenye baridi."

Mama Rentschler, neno hilo la baba nimelitia kitabuni mwangu. Niliandika chini ya ukurasa kwamba wapo wasomaji wanaodai hivi na hivi, nikalivunja kwa mistari minne, sikumtaja. Yeye hajakisoma, macho yana mtoto wa jicho, lakini amekiweka kando ya Biblia, bado kimefungwa katika karatasi kilichokuja nayo, na kila mgeni huonyeshwa.

Mwezi uliopita Saa ilifika kwenye waraka huo, na ndugu wakakubaliana kwamba sura ya joho, itakayosomwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, niizungumzie mimi, nikiwa nimekaa mezani, mahali ambapo hajawahi kukaa mwanamke. Aliyekuja kuniambia ni Ndugu Imanuel Schäuffele, ambaye nilipokwenda chuoni alisema nitarudi sina imani wala mume. Akasimama mlangoni kwetu kijijini na kofia mkononi. "Mume sijamwona," akasema, "kwa hiyo nusu nilipatia. Njoo utuonyeshe kwamba nusu ya pili nilikosea." Baba alikuwa nyuma yake, analia kwa furaha, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Jioni ile aliniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, kama joho lilimfikia Paulo. Nikasema ndiyo.

Nimwonapo mchungaji wetu ananiambia ya chuoni yabaki chuoni na ya kijijini yabaki kijijini, nizungumzie uvumilivu, nile keki, nipande treni. Imani ninayo, Mama, nasali kila asubuhi, ila si kwa namna anayoijua baba. Nikisema kweli, nitamvua koti lake mbele ya watu wake wote. Nikinyamaza, nitakaa mezani alipokaa babu yangu nikidanganya. Nimefikiria hata kujifanya nina homa. Nifanye nini?

Mimi mwana aliyesema ndiyo,
Tübingen

*

Mwanangu uliyesema ndiyo,

Homa iache, hiyo ni ya watoto wa shule ambao hawajafanya hesabu zao.

Nakuonea huruma kweli. Kumpenda mtu na kutokubaliana naye juu ya kitu anachokipenda kuliko vyote ni mzigo mkubwa, na hakuna profesa aliyekufundisha kuubeba. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika mahali palepale, nawe unapajua. Baba yako alikupa hoja. Si porojo za mzee, ni hoja, na ukiwa mkweli utakiri kwamba wamo wataalamu wenzako wanaoishikilia hadi leo. Ulimjibu kwa wino mahali asipoweza kusoma, ukamwita "wasomaji". Kisha alipokuuliza swali uso kwa uso, yeye mwenyewe, ukampa pipi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kuliandika katika ukurasa huu. Mume wangu, mchungaji Rentschler, alipofariki nilisafisha meza yake nikakuta madaftari. Miaka thelathini na minane ya maswali hayohayo yako: nani aliandika, lini, nini kiliongezwa na kwa nini. Kila Jumamosi aliyaandika huku mimi niko chumba cha pili nampigia pasi kola yake ya kesho. Nilisoma yote. Hakuna lililonitoa imani. Kilichoniliza ni kwamba alikula chakula changu miaka yote hiyo na hakuniona kama mtu wa kuambiwa. Alidhani ananilinda. Bado namkasirikia, na yuko kaburini mwaka wa kumi na moja.

Kwa hiyo mchungaji wenu simsikilizi. Nawe usimsikilize.

Unasema utamvua baba yako koti. Koti lile alipewa na mtu aliyekufa kando yake, wala halikutoka katika kitabu chako, na huna uwezo wa kulivua. Mtu aliyepita majira mawili ya baridi kule hatavunjika kwa tanbihi. Ataumia, ndiyo. Huenda akashinda shambani siku nzima. Mwache ashinde.

Fanya hivi. Usingoje Majilio, nenda Jumamosi hii. Mkute jikoni, mkiwa wawili tu, kwa sababu mbele ya ndugu hatakuwa na nafasi ya kuwa baba. Anza na ile ndiyo. Mwambie ulidanganya, na kwamba kama joho lilifika hujui, wala hakuna ajuaye. Kisha kifungue kile kitabu kwenye karatasi yake, umsomee ukurasa wenye neno lake, pamoja na mistari yako minne, polepole, usilainishe kitu. Ukimaliza, nyamaza, na usitazame saa ya treni.

Kiti cha mezani mrudishie. Sema, "Baba, sasa unajua nitakachosema. Bado unataka nikae?" Akisema hapana, utakaa benchi na wanawake wenzako, na hapatakuwa na uongo kati yenu. Akisema ndiyo, Jumapili ile useme unachokiamini chote, pamoja na usichokijua, bila maneno ya Kigiriki ya kujificha nyuma yake. Ndugu Schäuffele atapata jibu la nusu yake.

Halafu kumbuka desturi ya meza yenu, ambayo umenieleza vizuri mno bila kuisikia mwenyewe. Hakuna atakayekukatiza. Na ukishamaliza, na ndugu wote wakishasema, atasema baba yako, wa mwisho. Kwa mara ya kwanza atakuwa anakujibu wewe, na wewe utakuwa huna kalamu. Msikilize mpaka mwisho. Akisema neno usiloweza kulivunja, liandike, na safari hii uweke jina: Gottlob, mkulima wa zabibu.