Waya wa Sensa ya Dizeli

Baba Brighton,

Maharage yako jikoni, bado chumvi. Brighton anywe dawa saa nane, akishakula. Msinisubiri.

Gari nimeondoka nalo. Ulipopanda tu basi la Nachingwea kufuata sensa mpya ya joto la dizeli, mdogo wako Enock akafika kwa baiskeli kutoka Nambilanje: mama yenu hawezi hata kusimama. Nampeleka hospitali Ruangwa. Nisingeweza kukaa.

Jana gari lilipozima tena baada ya kupata moto, nilisema tupime waya wa sensa kwanza. Ukanijibu mbele ya fundi, “Mwalimu, fizikia ya ubaoni haitengenezi gari.” Iliniuma, na usiku sikulala.

Leo nimeazima mita ya umeme ya shuleni. Sensa ya zamani nimeichovya kwenye maji ya moto, namba za ukinzani zikashuka vizuri kama inavyotakiwa, ni nzima. Waya wake ndio umekatikia ndani ya ganda, karibu na injini. Nimeuunga, nikafunga tepu. Gari limeunguruma nusu saa, limepata moto, halikuzima.

Hiyo sensa mpya irudishe dukani. Kuku wafungiwe mapema.

Mama akiuliza nani kalitengeneza gari, ~~nitasema fundi~~ nitamwambia ni mimi.

Mama Brighton