Nafasi Moja ya Chumba cha Pasi

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Nyumba ya Nyuma ya Stesheni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa somo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako aliyekupa jina lake na, kwa bahati mbaya, ubishi wake pia. Hujambo? Mguu wa baba yako umepona, au bado anauburuza huku akimwambia kila mtu kwamba hauumi? Kaka yangu namjua, hata akianguka atasema alikuwa anaokota kitu. Na mama yako, macho yamepata nafuu? Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa mikono, na mikono ni ya kazini, hiyo siihesabu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Usidhani nimekupuuza. Nimekaa kukujibu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kwenye salamu.

Umeniuliza mambo mawili: kama kazi ipo, na kama sisi wageni wa huku tunashikana mkono, maana wote tuko ugenini. La kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo lililonifunga mdomo, na bila hilo siwezi kukujibu la kwanza.

Unajua kazi yangu ni ya mashuka katika hoteli kubwa. Idara yetu iko chini ya jengo, ina vyumba viwili. Chumba cha maji kina mashine, dawa na mvuke, na humo tumo sisi weusi. Ukipanda ngazi sita unafika chumba cha pasi, na humo wamo wale tunaowaita watu wa kati, wenye ngozi ya kahawia na nywele za kulala, ambao babu zao walifika hapa kabla yetu. Wao ndio wanaopeleka mashuka vyumbani, wateja wanawaona. Juu kabisa, ofisini, wapo weupe, wenye nchi yao. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba iwe hivyo, lakini kila anayeajiriwa huonyeshwa mlango wake kabla hajamaliza kutaja jina.

Pamoja na hayo, nilikuwa na rafiki katika chumba cha pasi. Tunamwita Bibi Pasi. Hapa ninapokaa mlango wake umepakana na wangu, na ndiye aliyenifundisha kukunja shuka lenye mpira, kitu ambacho naamini kilibuniwa na mtu asiyependa wanawake. Nilipougua mwaka juzi alinipikia siku nane mfululizo. Kule chini mwenzangu alikuwa Mrefu, mwanamke mweusi tititi kama baba yako na kama wewe, aliyekaa miaka kumi na mmoja kwenye mashine ile ile mpaka kifua kikaanza kumlilia.

Feni ya kutoa mvuke iliharibika zamani. Mvuke ukikosa pa kutokea hupanda ngazi, kwa hiyo hata watu wa pasi wakaanza kukohoa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza tukaandika barua moja ya kuomba feni. Bibi Pasi ana mwandiko mzuri, herufi zake zote zimelala upande mmoja. Aliiandika mezani kwangu, Mrefu akawa wa kwanza kutia sahihi. Majina yalikuwa arobaini na moja, ya maji na ya pasi yamechanganyika. Tulicheka sana siku ile, somo, hata nikajiona mtu.

Wiki iliyofuata meneja alishuka mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema feni itatazamwa. Kisha akasema kuna nafasi moja ya chumba cha pasi, na safari hii atapewa mtu wa chumba cha maji. Moja tu. Hakumtukana mtu wala kumfukuza mtu, akapanda zake ofisini.

Hazikupita siku mbili. Nafasi ile watu wa kati walikuwa wakimwekea mdogo wake Bibi Pasi, aliyeisubiri muda mrefu. Wakaandika barua yao: watu wa maji wasipandishwe, wananuka dawa, wateja watalalamika. Karani wa ofisi alinionyesha, sijui kwa wema au kwa ubaya. Sikuhitaji kusoma majina, maana herufi zilikuwa zimelala vile vile.

Nasi hatukuwa malaika. Chumba cha maji wakasema kikulacho ki nguoni mwako, wakasema watu wa kati ni vibaraka tangu enzi za babu zao, wakasema na mengine nisiyoweza kumwandikia mtoto. Na mimi niliyasema. Wahenga wanatuambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali amejilalia kivulini anacheua, na nyasi ndizo zinazopigana.

Nilimwuliza Bibi Pasi mlangoni, kila mmoja ameshika ufunguo wake. Hakukana.

"Mkipanda nyinyi, wa mwisho tunakuwa sisi," aliniambia. "Na wa mwisho nimeona wanavyofanywa hapa. Nimekuona wewe."

Nikafungua mlango wangu nikaingia. Mpaka leo namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na bila shaka naye ananisikia.

Sasa sikiliza. Kila mtu alijua nafasi ile ni ya Mrefu, kwa miaka yake na kwa kifua chake. Wakaniita mimi mwenye miaka minne. Karani alinitazama usoni, mikono hakuiangalia, akasema ninafaa, wateja hawatashtuka wakikutana nami kwenye korido. Unajua shangazi yako ni maji ya kunde, nimemchukua bibi yako. Huko nyumbani rangi hii iliniletea utani na wachumba wawili wasio na maana. Huku imekuwa cheo.

Nilimfuata Mrefu nikamwambia nitakataa. Alikuwa anapakua taulo kwenye mashine, hakugeuka.

"Nenda," alisema. "Ukikataa, hawatanipa mimi."

Nikaenda. Huko juu wamenipa meza ya mwisho karibu na ngazi, na hakuna anayeniomba hata pini. Wa chini nao nikipita wananyamaza. Kuna amri mpya kwamba wa juu na wa chini wasile pamoja, eti usafi, na wa juu hawanikaribishi, kwa hiyo nakula nimesimama penye kabati la sabuni. Barua yetu ya feni hakuna anayeitaja tena. Feni ni mbovu vile vile.

Mwezi uliopita Mrefu aliacha kazi, kifua kilimshinda. Aliondoka bila kuniaga, na simlaumu.

Nafasi yake ndiyo iliyopo, somo wangu. Nilimpelekea karani vyeti vyako vyote, na ile picha uliyopiga siku ya kumaliza shule. Vyeti hakuvifungua. Aliitazama picha akasema, "Huyu wa chumba cha maji." Mimi mbishi, mimi ambaye baba yako aliniogopa utotoni, nikasema asante.

Moyo wangu unataka nikuandikie usije. Lakini baba yako hawezi kusimama kazini, na najua nani anasimama badala yake. Nimekutafutia kwingine kote ninakokujua, na kila mahali milango imepangwa hivi hivi. Nimeishiwa, mwanangu. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini nimeishiwa.

Ukiamua kuja, utaanza tarehe moja. Lete nguo za pamba na kitambaa kizito cha kufunga puani. Usifikie kwangu. Wanawake wawili wa chumba cha maji wanakaa ghorofa ya chini, na kitanda cha Mrefu kiko wazi. Ni watu wema sana. Watakufundisha kazi, na siku ukiugua watakuficha meneja asijue, kama walivyonifanyia mimi. Lakini mtu aliye ndugu yangu hawatampokea. Kwa hiyo wakikuuliza kama una mtu hapa, waambie huna. Jina letu usilitaje, wape lile la utani ulilopewa nyumbani. Tukikutana kwenye ngazi, wewe na kapu lako, mimi na mashuka yangu, nipishe, kisha upite zako. Mimi nitakuwa nimekuona.

Msalimie sana baba yako, na mwambie kazi ipo, hayo mengine yaache. Msalimie mama yako, na pacha wa jirani ambao nasikia sasa wameota meno. Bibi usimsomee barua hii, msomee salamu tu. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, na wewe akutangulie uendako, iwe ni huku au kwingine.

Nikupendaye daima,

Mimi, shangazi yako mpaka siku utakapofika.