Shujaa wa Njiapanda ya Stesheni

Jumatatu, 4 Machi
Darasa la nne tena, Wagiriki tena. Leo mashujaa wao. Mji uliokosa shujaa ulichimbua mifupa ya marehemu, ukaizika upya sokoni, watu wakamwaga divai na damu juu yake. Waliohamia ng'ambo ya bahari walimfanyia hivyo yule aliyewaongoza. Wanafunzi walicheka. Chaki imeisha.

Jumatano, 6 Machi
Komisere, mkuu wa wilaya, amekuja nyumbani. Chama kinataka shujaa wa Kalemie, kimemchagua Papa, baba yangu marehemu. Eti alikufa akizuia waasi darajani. Uongo. Askari wa serikali alimpiga risasi ufukweni kwa kuwa alikataa kutoa mtumbwi wake. Mama aliona. Na mimi niliona. Leo nimemkaribisha Komisere kiti, nikanyamaza. Najichukia.

Ijumaa, 8 Machi
Papa atazikwa upya njiapanda ya stesheni. Mkuu wa shule anataka hotuba. "Weye njo mutoto wake, mwalimu. Nani mwingine ataandika?" Nisipoandika, kazi imekwisha. Nimeandika. Kila neno linanuka.

Jumanne, 12 Machi
Wamechimba. Misalaba ya makaburini imeliwa na mchwa, hakuna jina linalosomeka, ikabidi Mama aonyeshe. Alinyoosha kidole. Halikuwa kaburi la Papa. Tulipofika njiani nikamuuliza ni nani yule.

"Njo ule askari aliua papa yako. Kuhara damu kulimumaliza mwezi uleule, wenzake wakamuzika pale. Walitaka shujaa wao. Nimewapa wao."

Hakucheka.

Jumamosi, 16 Machi
Sherehe. Ngoma, vitenge vya chama, bia na damu ya mbuzi juu ya saruji mbichi. Wanafunzi wangu waliinama. Nilisoma jina la Papa juu ya mifupa ya aliyemuua, na sauti haikukatika. Mama mmoja mgeni, wa wavuvi wa kaskazini, alipiga magoti akamwombea mtoto wake mgonjwa. Aliomba kweli, kwa machozi. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Mama yangu alikaa kiti cha mbele, akala nyama. Mimi sikuigusa.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya misa tumekwenda kwa Papa, kaburini kwake hasa. Mvua imeotesha majani mengi. Tumepalilia, kisha Mama akatandika kitenge, tukakaa. Ziwa limetulia. Hakupita mtu.