Pikipiki ya Marehemu Shabani

Picha ya Ndege, Kibaha
4 Juni 2024

Shangazi Hamisa, shikamoo.

Kabla hujasoma mbele, funga mlango. Nakusihi, neno la barua hii lisitoke, hata kwa Baba. Simu yangu iko polisi, na ya nyumbani inasikilizwa na ukoo mzima, ndiyo maana nimempa konda karatasi. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo sina.

Nimekamatwa, Shangazi. Nimeshitakiwa kwa wizi wa pikipiki.

Ni ya marehemu Shabani, mlinzi wa ghala ninakofanya ukarani. Mnyamwezi, mtani wetu. Kila asubuhi aliniita Mzaramo mvivu. Alipofariki nilikwenda msibani kwake Misugusugu, nikakumbuka ulivyokuwa ukiteka kwa utani kitu cha marehemu mpaka wenyewe wakigomboe kwa kuku. Nikaikokota pikipiki yake hadi nyuma ya nyumba ya jirani. Niliona haya kupiga kelele mbele za watu, nikasema nitatangaza baada ya kula. Chakula hakijaletwa, mkwe wao Mudathir, mgeni wa mila hizi, kashaita polisi.

Mahakamani nimekana. Hakimu alisema sina hatia mpaka ithibitishwe, nikapata dhamana. Lakini mtaani wameshathibitisha. Bosi kanisimamisha. Nikitiwa hatiani, kazi imekwenda, na jina la Baba nalo.

Mwanao,
Maulida

Maneromango, Kisarawe
9 Juni 2024

Mwanangu Maulida, marahaba. Goti bado linanibeba. Mlango nilifunga.

Mwizi si wewe, ila na mtani hujawa. Mwizi hunyamaza, mtani hupayuka. Nani alikufundisha kuteka mali ya msiba kimyakimya kama paka jikoni?

Hakimu kasema kweli, basi usijihukumu kabla yake. Usizunguke milango ya watu kujieleza. Kula, ulale.

Nawaza jambo moja: mjane yumo chumbani, anakaa eda. Nani kampelekea habari hizi? Usinijibu. Siri yako ninayo.

Shangazi yako,
Hamisa

Picha ya Ndege, Kibaha
27 Juni 2024

Shangazi yangu, shikamoo. Natumaini goti limepumzika baada ya safari uliyonificha.

Siri yangu ulivyoitunza, naambiwa ilisikika hadi barabarani. Mjane, Mama Zawadi, kanisimulia mwenyewe: "Aliingia anapiga kelele, 'Wanyamwezi, mmemshitaki mtani wenu, basi leo namteka mjane!' Akapanda kitandani kwangu, akagoma kushuka." Anasema hakuwa amecheka tangu mazishi. Hakujua lolote. Alidhani pikipiki imehifadhiwa tu. Akamwita Mudathir hapo hapo mlangoni, akamweleza utani wetu.

Leo Mudathir alikuja mahakamani, akaeleza yote. Mwendesha mashtaka akaliondoa shitaka. Hakimu akasema, "Nenda nyumbani, binti." Sikuinuka. Karani wa mahakama ikabidi anirudie, "Dada, umeambiwa uende."

Nje Mudathir akaniambia, "Kumbe ungepiga kelele tu."

"Niliona haya, shemeji."

"Mimi je, leo sikuona haya?" Akanikabidhi kuku.

Bosi kaniita, Jumatatu narudi kazini. Wapo ambao bado wananong'ona nikipita. Jana ningelia, leo nimewasalimia.

Kuku simchinji mpaka uje. Panda gari la asubuhi, ukifika Kibaha shuka Picha ya Ndege, vuka kwenye maduka ya mabati, uulizie ghala la karani Maulida. Wasiponijua kwa jina, uliza yule binti wa pikipiki. Simu nimerudishiwa, namba ni ile ile. Piga hata kwa simu ya nyumbani, na ukoo usikilize.

Mwanao,
Maulida