Gazeti la Huko Uliko

Mume wangu, tabasamu langu la asubuhi,

Miezi miwili sasa tangu harusi yetu, na bado najiita "mke wa mtu" mbele ya kioo! Nimepunguza magazeti tunayolipia kwenye simu, kama tulivyokubaliana. La mitindo nimelifuta. La michezo pia, ingawa nililisoma ili nikutanie timu yako ikifungwa. Nimebakiza la huko mgodini kwenu. Mama yako ananicheka: "Mwanangu, umeolewa na gazeti?"

Jumatatu liliandika kwamba shimo lenu limeporomoka. Ujumbe wako wa siku hiyo ulisema mvua imenyesha tu. Tangu hapo sikai kitako.

Nimelilipia mwezi mmoja, mpenzi. Ukianza kunieleza ukweli mwenyewe, nalo nitalifuta.

Wako peke yako,
Mkeo